Shangazi na Mlango Usofungika

Nyumba yetu ni ya mwisho kabla mihogo haijaanza. Wenzangu skuli hunicheka kwamba mie nusu mtu wa Temeke, nusu mhogo. Sikatai. Mhogo haupigwi fimbo kwa kuchelewa namba ya asubuhi.

Mlango wa mbele wa nyumba hiyo haufungi. Fundi aliuchonga kwa mbao mbichi, zikanywa mvua ya kwanza, zikavimba, na tangu hapo ukiusukuma hukwama kabla haujafika kwenye fremu. Mpita njia huona ukumbi wetu wote mpaka uani, akajua leo tunakula nini na nani hajafua. Baba hakubali. Yeye ni karani wa stoo bandarini, na karani hakubali kitu chake kuwa kibovu mpaka kiandikiwe.

"Mlango unafunga," husema. "Nyie hamna nguvu tu."

Huko uani, kwenye chumba cha pembeni, anakaa Shangazi. Ni dada mkubwa wa Baba, na hilo la ukubwa ulishike, maana ndilo linalomtesa Baba. Kila asubuhi, hata kama jana yake wamegombana, lazima asimame uani na kaptula yake ya kazi na soksi ndefu hadi magotini, aseme, "Shikamoo, dada." Shangazi hukawia kidogo ndipo ajibu "Marahaba," kama mtu anayepima kwanza kama unafaa kupewa. Baada ya hapo ndipo Baba huruhusiwa kugomba.

Shangazi ana sanduku la bati la buluu, na hilo ndilo ngoma yake. Akitunga, hulikalia kitako, akalipiga ubavuni kwa viganja. Likiwa tupu hulia ngwa! ngwa! mpaka kwa muuza mkaa. Likiwa na nguo ndani hulia bu, bu, kama mtu anayekohoa ndani ya shuka. Nguo zake siku zote hukaa kwenye kamba, kwa hiyo mie sihitaji kuuliza habari za nyumbani. Nikirudi kutoka skuli nikasikia ngwa, najua kuna amani. Nikisikia bu, najua Shangazi kafunga mizigo, Baba kamuudhi.

Yeye ni mwimbaji na mtunzi, hana chama, hana bendi, hana bwana wa kumpangia. Sasa mtu hafiki hapo kwa njia iliyonyooka.

Alianzia Kisarawe, shambani kwa babu, akifukuza ndege kwenye mpunga. Anasema ndege ndio wasikilizaji wake wa kwanza.

"Lakini walikimbia, Shangazi," nikamwambia.

"Walikimbia, wakarudi kesho yake. Waume zangu walikimbia moja kwa moja."

Mume wa kwanza alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyemleta Temeke. Hapa akaingia kwenye chama cha ngoma cha akina mama, chenye vyeo kama jeshi la Kingi wa Waingereza. Kulikuwa na Kwini, kulikuwa na Jenerali, na kulikuwa na Daktari asiyejua hata kufunga kidole kilichokatwa na kisu. Shangazi akapewa usajini. Sharti lilikuwa kuvaa kanga za sare na kuimba maneno ya Jenerali. Kanga alivaa. Maneno yakamshinda, maana Jenerali alikuwa ametunga wimbo mrefu wa kumsifu Jenerali. Siku ya ngoma, Shangazi akawa anabadilisha neno hapa, neno pale, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele, mpaka wimbo ukafika mwisho unamsifu mbuzi wa Jenerali. Akavuliwa usajini pale pale uwanjani. Kanga aliondoka nazo.

Fundi cherehani akamwambia achague, yeye au nyimbo. Shangazi alitunga wimbo mwepesi, mtamu, wa fundi aliyeziba matundu yote ya mji isipokuwa mdomo wake, akawa anauimba jikoni. Mume akaunasa. Akawa anauimba mwenyewe barazani huku akikanyaga cherehani, wateja wakiitikia. Siku alipokuja kuyasikiliza maneno anayoyaimba, talaka ilitoka kabla suruali aliyokuwa anashona haijapata mguu wa pili.

Mume wa pili alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya dansi, Ilala. Humo waimbaji walinakili santuri za ng'ambo kwa sikio tu, maneno ya Kihispania. Shangazi akauliza yana maana gani. Hakuna aliyejua.

"Sasa mnajuaje kama hamwatukani mama zenu?"

Akatia maneno yake ya Kiswahili kwenye mdundo ule ule, habari za mwanamume anayetafuna vitunguu vibichi kabla ya kupuliza tarumbeta. Watu waliokuwa wanacheza wakaachiana, wakashika mbavu. Hiyo ni talaka ya pili.

Halafu kuna siku alipoitwa redioni. Wakamtia kwenye chumba kilichotandikwa magunia ukutani, wakamwambia taa nyekundu ikizimika anyamaze, wimbo una dakika zake. Ikazimika. Yeye ndiyo kwanza anaingia ubeti wa tatu. Akaendelea, maana, kama asemavyo, jua lenyewe huzama yeye akaendelea, sembuse kitaa. Hawakumwita tena.

Tangu hapo ukimwuliza ni mwimbaji wa nani, hujibu, "Wa mwenye haja." Mwenye harusi huja na doti ya kanga. Mwenye ugomvi huja na ugomvi wake tu, na huo Shangazi huupokea kwa mikono miwili kuliko kanga.

Ila kitu kimoja hakubali hata umpe duka zima la Mhindi: wimbo wake utoke bila tamati. Watunzi wa kwetu hujitaja kwenye ubeti wa mwisho, ili wimbo ukitembea ujulikane kwao ni wapi. Tamati ya Shangazi ni moja kwa nyimbo zote, na Temeke nzima tunaijua kama adhana:

*Ukiuliza mtunzi, nitakujibu haraka:*
*Mie wa nyumba ya mwisho, mlango usofungika.*

Baba akiisikia hukunja uso. Si kwa sababu ya wimbo. Kwa sababu ya mlango.

Basi mwaka huu skuli yetu ikapata habari kwamba Bwana Mkaguzi, Mzungu, anakuja. Mwalimu Mkuu, mtu wa bara, mpole, anayevaa tai hata Jumamosi, akataka wimbo mpya wa kumpokea. Nikainua mkono haraka kuliko siku zote za hesabu. "Mwalimu, kwetu yupo mtunzi." Shangazi akatunga, sie tukakariri, na siku ya siku Mzungu akaketi kwenye kiti chenye mto, tukamwimbia:

*Mgeni wetu karibu, jamvi tumekutandika,*
*Kikapu kitupu jana, leo kitaelemeka;*
*Jogoo aliyewika, kesho hatosikilika.*

Bwana Mkaguzi akafurahi sana. Akapiga makofi kwa kufuata mdundo, akaomba turudie. Tukarudia. Kisha, kwa bahati mbaya, akaomba afasiriwe. Mwalimu Mkuu akafungua kinywa, akakifunga, akatazama upande wa jikoni, ambako jogoo wake mwenyewe alikuwa tayari ndani ya sufuria ya mgeni.

Jioni ile alikuja kwetu, tai imeenda upande. Faida ya mlango usiofungika ni kwamba mlalamikaji hahitaji kubisha hodi. Huanza kulalamika akiwa bado njiani, na majirani wote wakapata habari pamoja na mwenye nyumba. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza, akarudi uani.

"Shikamoo, dada."

Jioni! Na asubuhi alikwisha kumwamkia. Nikajua leo kuna jambo.

"Marahaba."

"Akija mtu mwingine, hata mmoja, mlangoni hapa kulalamikia nyimbo zako, unarudi Kisarawe. Finishi."

Shangazi akauliza, "Ndege wa kule bado wapo?"

"Wapo."

"Basi sitakosa watu," akasema, akaingia chumbani kwake. Baada ya muda nikasikia sanduku. Bu, bu.

Mie ni mtu wa mzaha, lakini ile bu haikunichekesha. Nyumba yetu ina watu wazuri. Mama huchekea upande mmoja wa mdomo, ule ambao Baba hauoni. Baba mwenyewe hucheka kwa mwandamo wa mwezi, kwa ruhusa. Ni Shangazi tu ambaye nikisema upuuzi hutupa kichwa nyuma akacheka mpaka akaomba maji, kisha akasema, "Rudia, hapo katikati umeharakisha." Nikabaki kwenye nyumba isiyo na huyo, huo utani wangu nitampelekea nani? Mhogo?

Kwa wiki kadhaa Shangazi akawa kama mtu mwenye mafua. Alitunga wimbo wa kubembeleza mtoto. Akatunga wa kusifu maji. Muuza mkaa akaniuliza kama anaumwa.

Ndipo ikaja harusi. Bibi harusi ni binti wa mtaani kwetu, nyumba ya nne kutoka yetu. Bwana harusi ni mtu wa Kinondoni. Sasa kwetu siku ya kupeleka begi ina utaratibu wake. Wanawake wa upande wa mume huja na begi la nguo za mwari, wanaimba, wanapiga pembe. Wanawake wa upande wa mke husimama mlangoni, nao wanaimba, hawafungui. Hapo ni maneno kwa maneno. Upande utakaokosa jibu utachekwa mpaka wajukuu zao waulizwe habari hiyo skuli.

Asubuhi moja kungwi wa bibi harusi, mama mnene wa kukaanga vitumbua, mwenye sauti ya kusimamisha treni, akaja kwa mlango wa mbele na doti ya kanga kwapani. Huyu ndiye yule Jenerali wa zamani, mwenye mbuzi. Hawakuwa wanazungumza vizuri tangu siku ile.

"Sikuja kwa kukupenda," akasema.

"Kanga umeleta?"

"Nimeleta."

"Basi keti usinipende hapa kivulini."

Wakaelewana.

Siku ile ile, mchana, Baba akiwa kazini, mihogo ikatikisika nyuma ya nyumba akatokea shangazi wa bwana harusi, kutoka Kinondoni kote huko. Alikuwa mwembamba, mrefu, ndani ya buibui, na kifuani mwa buibui kichwa cha kuku kimechungulia kama naye amekuja kuposa.

"Dada, nasikia wewe huna chama."

"Sina."

"Kwa hiyo ukituimbia sie, hujamsaliti mtu."

Shangazi akanitazama. Mie nikamtazama kuku.

"Kuku anataga?" Shangazi akauliza.

Mgeni alipokwisha kutokomea kwenye mihogo, nikasema, "Shangazi! Umewakubali wote wawili!"

"Fundi akishona kanzu ya bwana harusi na gauni la bibi harusi, kamsaliti nani?"

"Lakini nguo hazitukanani."

"Fundi mbovu huyo."

"Na Kisarawe je?"

Hapo akaacha mzaha. Akanivuta nikae naye sandukuni. "Sikiliza. Analalamika nani? Aliyeshindwa. Aliyeshinda hana shida na mtu. Nitazipima nyimbo hizi kama mizani ya duka, asishindwe mtu. Kila tusi litakuta jibu lake limekwisha kaa linalingoja. Wataimbana mpaka wachoke, begi litaingia, watakula pilau, na mlangoni petu hatakuja mtu."

Niliuona mpango huo kuwa mzuri sana. Ndiyo maana nasema tumetoka damu moja.

Mazoezi yakaanza. Asubuhi, kabla sijaenda skuli, Temeke uani kwetu kwa mlango wa mbele; adhuhuri, nikiwa nimerudi, Kinondoni kwa njia ya mihogo. Kila upande ulihitaji wa kujibizana naye, na mwenye mdomo wa kutosha nilikuwa mie, kwa hiyo nilikuwa adui wa watu wote, na niliifanya kazi hiyo kwa moyo. Pande zote alizifundisha tamati, na kwa kuwa alijua wangeweza kuiacha, akawaambia harusi ambayo wimbo wake hauna tamati, ndoa nayo haipati utulivu. Hilo alilitunga papo hapo. Wote wakaitikia kwa vichwa.

"Shangazi," nikamwambia, "tamati ni ile ile."

"Ulitaka nijiite nani mwingine?"

"Uache upande mmoja."

Akanitazama kama nimemwambia aache mtoto mmoja sokoni. "Wimbo usio na tamati ni mwanaharamu. Sizai mwanaharamu. Na wewe acha kiherehere, tamati huimbwa mwishoni, na mwishoni kila mtu anapiga vigelegele, nani atasikia?"

Baba akarudi kutoka kazini akakuta kuku uani. "Kuku huyu wa nani?"

"Wa wimbo," Shangazi akasema.

Baba hakuuliza zaidi. Kuna mambo karani huona ni heri yasiingie stoo.

Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, lori la kukodi kutoka Kinondoni likaingia mtaani kwetu, wanawake wamesimama nyuma wamejaa kama maua kwenye chupa, begi juu ya kichwa cha yule mwembamba. Temeke walikuwa wamepanga safu mlangoni kwa bibi harusi. Shangazi alikubali asionekane. Angebaki nyumbani, anaumwa mgongo. Nilipofika nikamkuta amekwisha fika, amekaa nyuma ya watazamaji, kajitanda ushungi mpaka puani kama mgonjwa wa macho.

"Na mgongo?"

"Umepona. Nyamaza."

Kungwi akatanua kifua, Temeke wakaanza:

*Mlotoka Kinondoni, miguu ina umande,*
*Mlango hatufungui, hata mkitupa tende;*
*Mwana wetu hakufunzwa, kufukuza nyani konde.*

Vicheko! Watu wa Kinondoni wanajulikana, huko kwao minazi ni mingi kuliko nyumba, na nyani hubisha hodi. Lakini Kinondoni hawakusita wala kunong'onezana. Pembe zililia, wakajibu kwa kinywa kimoja:

*Mwatucheka kwa umande, na nyie mwala mchanga,*
*Maji yenu yana chumvi, chai kama ya kupunga;*
*Twamtoa mwana wenu, akanywe na dafu changa.*

Loo! Watazamaji wakaruka. Chai kama dawa ya kupungia pepo! Na ni kweli, kisima chetu kina chumvi, mgeni akinywa chai kwetu huuliza kama kuna mtu anaumwa. Hata mie wa Temeke nilicheka mpaka kandambili ikanitoka mguuni.

Bibi mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Hawa wamejibuje umande upesi hivyo? Utafikiri waliusikia jana."

Wakaendelea. Temeke wakatupa la pili, Kinondoni wakalidaka kabla halijagusa ardhi. Kinondoni wakatupa la kwao, Temeke wakalirudisha limepambwa. Ilikuwa kama kutazama mtu akipigana na kivuli chake. Nikageuka kumwangalia Shangazi. Ushungi ulikuwa umemshuka. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Anaimba Temeke, anaimba Kinondoni, kichwa kinayumba, machozi ya furaha yanamlenga. Hajapata bendi nzuri kama hiyo maishani mwake, na haikujua kama ni bendi yake.

Mwisho ukafika. Hakuna aliyeshindwa, mizani imesimama sawasawa. Temeke, kwa madaha, wakaingia kwenye tamati:

*Ukiuliza mtunzi, nitakujibu haraka…*

Na Kinondoni, ambao walikuwa wamevuta pumzi kwa ajili ya tamati yao, na mdundo umewabeba, wakatumbukia nao humo humo. Kwa mara ya kwanza tangu Kinondoni iwe Kinondoni, watu wake wakaimba pamoja na Temeke, neno kwa neno, kwa sauti ya kupasua mbingu:

*Mie wa nyumba ya mwisho, mlango usofungika!*

Kimya. Pembe zikashuka. Kungwi akamtazama yule mwembamba. Yule mwembamba akamtazama kungwi. Na katikati ya kimya hicho, kwa nyuma, sauti moja ndogo ya mtu aliyefumba macho ikamalizia kuvuta ile "kaaa".

Watu wote wakageuka.

Shangazi akafumbua macho. Akasema, "Mgongo wangu," akaingia kwenye mihogo.

Nilikimbia kwa njia ya mbele, nikawatangulia wanawake kwa kitambo kidogo tu. Baba alikuwa barazani, amepindua baiskeli, anatia mafuta mnyororo. Nikapita ukumbini mpaka uani. Shangazi alikuwa amekwisha ingia kwa nyuma, nikasikia nguo zinatupwa sandukuni. Hakulipiga. Hata bu sikuipata.

"Nitawaambia ni mie niliyetunga," nikasema.

"Wewe? Na vina vyako vile?" Lakini hakucheka.

Nje Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono myeusi kwa mafuta. Mbele yake Temeke na Kinondoni, jasho, pembe, kanga za sare za rangi mbili, na nyuma yao watoto wote wa mtaa na dereva wa lori.

"Hodi," akasema kungwi.

"Karibuni. Shikamooni."

"Marahaba."

Baba akajifuta mikono polepole. Akatumia ile sauti yake ya kupokea mzigo bandarini. "Mmekuja kulalamika? Semeni tu msiogope. Mimi namngoja mlalamikaji mmoja."

Agizo la Baba kila mtu alilijua. Mlango ule ulikwisha litangaza. Kungwi akafungua kinywa, mshipa wa shingo umemsimama, na nikasema moyoni, haya, Kisarawe hiyo. Lakini yule mwembamba wa Kinondoni akamgusa kiwiko. Mie nilikuwa ukumbini, nikawasikia.

"Kesho mwari anaingia kwetu," akanong'ona. "Nyimbo zenu za kesho katunga nani?"

"Yeye."

"Na zetu ni yeye. Tumekwisha jifunza nusu."

"Nusu ipi?"

"Nusu ambayo bado hatujawatukana."

Kungwi akavuta pumzi. Nilimwona anavyomkumbuka yule mbuzi. Miaka yote hiyo amemngoja Shangazi kwenye kona, na leo kona ndiyo hii. Akamtazama Baba.

"Ndiyo, baba," akasema. "Tumekuja kulalamika."

Baba akainua mabega.

"Tunalalamikia mlango."

"Mlango?"

"Mlango wako. Pande zote mbili tumesimama mbele ya kadamnasi tukasema haufungi. Tukaambiana, jamani, isije ikawa tumesema uongo siku ya harusi ya watu. Ndiyo tumekuja kuhakikisha."

"Na ni kweli haufungi," akadakia wa Kinondoni akinyoosha shingo. "Mie hapa nauona ukumbi wote mpaka jikoni. Na kuku wangu yule."

"Unafunga!" Baba akasema.

"Haufungi, baba."

"Unafunga! Nyie hamna nguvu tu!"

Akaingia ndani, akauwekea bega. Mlango ukaenda mpaka pale pake pa siku zote, ukagoma. Akarudi nyuma, akaupiga tena. Huko nje mtu akapiga pembe mara moja, taratibu. Baba akavua kofia. Akarudi nyuma mpaka katikati ya ukumbi, nikampisha, akaja kama lori la Kinondoni, na mlango, kwa mara ya kwanza tangu niujue, ukafunga. Vumbi likaanguka kutoka darini. Ukumbi ukawa giza. Nje vigelegele vikapasuka.

"Mmeona?" Baba akapiga kelele kwenye mbao. "Mmeona?"

Kisha akashika kitasa avute. Kitasa kikabaki mkononi mwake.

Ndipo Shangazi akatokea kutoka uani, sanduku kichwani, amejifunga kanga ya safari. "Nipishe, ndugu yangu, niende zangu Kisarawe."

"Dada, mlango haufunguki."

"Umesema unafunga."

"Unafunga. Kufunguka ndiko haufunguki."

"Nitangoja."

"Kuna mlango wa uani, dada," Baba akasema kwa adabu.

"Mie niliingia nyumba hii kwa mlango wa mbele. Siwezi kutoka kwa mlango wa kuku."

Wakasimama gizani, mdogo na kitasa, mkubwa na sanduku. Nje walikuwa wameanza kuupiga mlango wetu kama ngoma, na kwa kuwa sasa ulikuwa umefunga kweli kweli, ulitoa mlio mzuri ajabu. Niliona kichwa cha Shangazi kimeanza kufuata. Baba naye, sitasema kwamba alicheka, mwezi ulikuwa bado haujaandama. Ila alizungusha kile kitasa mkononi kama mtu anayesoma hati aliyoiandika mwenyewe na sasa inamfunga.

"Sikusikia mtu akilalamikia nyimbo," akasema.

"Hapana?"

"Wamelalamikia mlango. Mlango ni wangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo shusha sanduku, dada, tuvute wote."

Tukavuta watatu kwa kamba ya baiskeli iliyokuwa ukumbini, tukiwa tumeipitisha kwenye tundu la kitasa. Mlango ulipoachia tulianguka wote juu ya sanduku, na Kinondoni na Temeke wakatuona tulivyolala, Baba juu kabisa, soksi moja imeshuka. Wimbo wa jambo hilo ulikuwa tayari kabla hatujainuka. Kesho yake ukaimbwa Kinondoni, na tamati ikawa ya watu wote.

Jumatatu asubuhi Baba akasimama uani na kaptula yake. "Shikamoo, dada." Shangazi akakawia kidogo kama kawaida, "Marahaba," na kabla Baba hajapanda baiskeli nikasikia: ngwa! ngwa! Nguo zilikuwa kwenye kamba.

Ningeishia hapo, lakini Baba ni Baba. Wiki iliyofuata alileta fundi na randa, fundi akauranda mlango pande zote mpaka ukawa unafunga kwa kidole kimoja. Baba akawaita majirani mmoja mmoja wausukume. Shangazi alingoja Baba aende kazini, kisha akaja kusimama mbele ya mlango ule, mikono kiunoni, kama mtu aliyeibiwa jina.

"Badilisha tamati," nikamwambia.

"Wimbo umekwisha toka. Mlango ndio ufuate." Akanitazama. "Wewe una kazi gani saa hizi?"

"Nina hesabu za Mwalimu Mkuu."

"Hesabu zitangoja. Nenda kisimani."

Nikachota ndoo, yale yale maji yetu ya chumvi, na tangu hapo tunaumwagia mlango kila siku baada ya baiskeli ya Baba kupinda kona, juu mpaka chini, kwa upole, kama mmea. Umeanza kukwama tena. Jana Baba aliusukuma kwa bega, akazikagua mbao, akasema ni masika. Tulikubaliana naye, mie na Shangazi. Masika ya mwaka huu yamekuwa makubwa, ingawa mpaka sasa yamenyesha kwenye mlango tu.